Sheria iko, chumba kiko wapi? Kazi na kunyonyesha katika mijadala yetu ya Kisii na Nyamira (UZI)

1/ Huu ni uzi mwingine wa zile mada zinazorudi kila msimu wa siasa. Masharti ni yale yale: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukitaja kwenye majibu, nafuta. Leo naweka maneno niliyosema Jumamosi mjini Kisii mbele ya kikundi cha vijana na akina mama wa chama. Wengi waliokosa nafasi waliniomba. Nimeyaacha karibu vile nilivyoyasema, hata pale waliponicheka.

2/ Ndugu zangu, mama zangu, wazee wangu, asanteni kwa kuja na mvua hii. Nilipoalikwa niliambiwa nichague mada moja ambayo wagombea huizungumzia bila kuifafanua. Nikasema nitazungumzia mama anayerudi kazini akiwa bado ananyonyesha. Mzee mmoja pale mlangoni akaniuliza, "Wewe kijana, hata bibi huna, mambo ya matiti yanakuhusu nini?" Mmecheka. Ni swali zuri, mzee wangu. Wacha nilijibu na hadithi ya dada yangu. Amenipa ruhusa niisimulie, bora nisitaje duka.

3/ Dada yangu wa kwanza alikuwa keshia kwenye duka moja la jumla hapa mjini. Alijifungua, akapewa miezi yake mitatu, akarudi. Mtoto alibaki na mama yetu upande wa Nyamira. Asubuhi anamnyonyesha saa kumi na moja, anapanda matatu, anamwona tena saa moja jioni. Hayo ni masaa kumi na manne. Wale mnaojua mnajua titi linafanya nini likikaa masaa kumi na manne bila kunyonywa.

4/ Alikuwa anaingia choo cha wafanyakazi, anakamua kwa mkono akiwa amesimama, anamwaga kwa sinki. Anamwaga! Kwa sababu maziwa ya chooni nani atampa mtoto? Siku moja blauzi ililowa mbele ya mteja. Bosi akamwambia aende nyumbani, arudi "akiwa tayari kufanya kazi", na nusu siku ikakatwa. Wiki hiyo hiyo titi likaziba, likavimba, homa ikampanda, akalala siku nne. Duka lilikataa kumpa nusu saa, likapoteza siku nne. Nikimuuliza leo kwa nini mtoto alianza uji na maziwa ya ng'ombe akiwa na miezi minne, ananijibu hivi: "Mimi sikuacha kunyonyesha. Niliachishwa."

5/ Kwa hivyo mzee wangu, yananihusu kwa sababu huyo mtoto ni mpwa wangu. Halafu yananihusu kwa sababu nasoma siasa, na siasa kwa lugha rahisi ni kuuliza: mzigo huu anabeba nani, na ni nani aliamua abebe yeye? Sasa tuangalie yale yanayosemwa kwenye mijadala, moja baada ya jingine.

6/ LA KWANZA: "Tukichaguliwa tutaleta sheria ya kuwalinda akina mama wanaonyonyesha kazini."

Makofi, vigelegele. Lakini hebu ngoja. Sheria iko. Inaitwa Sheria ya Afya, ya mwaka 2017. Kifungu cha 71 kinasema waajiri wote waweke pahali pa kunyonyeshea kazini, pakiwa na maji ya kunawa mikono, friji ama kitu kingine cha kuhifadhi baridi, stima ya pampu ya kukamulia, meza ndogo na viti vya kukalia vizuri. Kisha kinaongeza neno ambalo ningependa lichapishwe kwa herufi kubwa: pahali hapo pasiwe chooni.

7/ Kifungu cha 72 kinaongea juu ya muda. Mama anayenyonyesha apewe mapumziko ya kunyonyesha ama kukamua, mbali na yale ya chakula. Muda wa kwenda na kurudi unahesabiwa ndani yake. Yote pamoja hayazidi saa moja kwa kila masaa nane ya kazi, na saa hiyo ni ya kulipwa. Yaani si hisani. Bosi akikukata nusu siku kwa sababu ulienda kukamua, amekukata pesa yako.

8/ Sheria haikusema "waajiri wa Nairobi". Haikusema "kampuni zenye watu mia". Imesema waajiri wote. Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani Keroka ama Ogembo akuahidi sheria mpya, muulize kwa heshima: hii ya 2017 umeisoma? Na kama umeisoma, nani atakagua? Mswada wa akina mama wanaonyonyesha ulifika Bungeni mwaka 2019 na haukuwa sheria. Miswada ni mizuri. Lakini mtu asiyetekeleza ya kwanza, ya pili ataiweka wapi?

9/ Na tusijidanganye kwamba wenye shida ni wenye maduka peke yao. Agosti 2019 mbunge mmoja aliingia ukumbini na mtoto wake wa miezi mitano kwa sababu hakuwa na pa kumwacha. Aliambiwa atoke. Kwa kanuni za Bunge, mtoto yule alihesabiwa kuwa mgeni. Hiyo ni nyumba iliyotunga ile sheria miaka miwili tu kabla. Simtaji, wala simsifu wala simlaumu. Nataka tu muone umbali ulioko kati ya karatasi na kiti.

10/ LA PILI: "Mama zetu walinyonyesha watoto kumi na hawakuwa na sheria yoyote."

Hili hapa kwetu husemwa sana, na wazee hutikisa kichwa kukubali. Nami sitalidharau, kwa sababu lina ukweli ndani. Nilienda kumuuliza nyanya yangu. Nikamwambia, "Magokoro, ulikuwa unalima na unanyonyesha. Ulifanyaje?" Akanitazama kama mtu aliyeuliza maji yanachemkaje. Akasema, "Si kulikuwa na omoreri?"

11/ Kwa wasiojua Ekegusii: omoreri ni yule mtoto mkubwa kidogo, dada ama kaka ama binamu, ambaye kazi yake ilikuwa kumbeba mtoto mchanga mama akiwa shambani. Mtoto akilia kwa njaa, omoreri anamleta hadi kwenye mtaro wa mahindi, mama anaweka jembe chini, anakaa, ananyonyesha, anaendelea. Shamba lilikuwa hatua chache kutoka nyumbani. Hakuna kitabu cha kutia sahihi. Hakuna bosi wa kuomba ruhusa.

12/ Sasa angalieni mipangilio hiyo imeenda wapi. Omoreri yuko shuleni, na ni haki yake kuwa huko. Tangu 2003 elimu ya msingi ni bila karo na hakuna anayetaka kuirudisha nyuma. Shamba limegawanywa mpaka limekuwa kama kitambaa cha meza, kwa hivyo mama anatafuta mshahara mjini. Nyanya naye, kama bado ana nguvu, ana mifugo, chama na kanisa. Kwa hivyo ukisema mama zetu hawakuhitaji msaada, unakosea. Walikuwa na msaada mkubwa, ni vile tu haukuandikwa. Yule msaidizi aliondoka na hatukuweka mwingine.

13/ LA TATU: "Si kuna miezi mitatu ya likizo? Wanataka nini tena?"

Haya, tupige hesabu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29: mama anapata miezi mitatu na mshahara kamili, na akirudi ana haki ya kazi yake ile ile ama nyingine inayomfaa isiyo duni. Baba anapata wiki mbili. Vizuri. Sasa daktari na muuguzi wanakwambia nini kliniki? Maziwa ya mama peke yake, bila maji, bila uji, mpaka miezi sita. Hiyo ni kauli ya Shirika la Afya Duniani na ya Wizara yetu. Sita toa tatu ni tatu. Hiyo miezi mitatu katikati ni daraja ambalo halijajengwa, na kila mama anaruka peke yake.

14/ Na takwimu zinatuonya. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2008-09 ulikuta watoto 32 katika kila 100 walio chini ya miezi sita wakinyonya maziwa ya mama pekee. 2014 wakafika 61. Hiyo ni kazi kubwa ya wauguzi na wahudumu wa afya wa vijijini. Lakini 2022 tulikuwa 60. Miaka minane, tumesimama pale pale. Sisemi kazi ndiyo sababu pekee. Nasema mama ameshafundishwa na amekubali, kwa hivyo mahubiri zaidi kwake peke yake hayatamvusha. Sasa tuongee na anayeshika saa yake.

15/ Tena hata hiyo likizo si sawa kwa wote. Chukua shule moja tu ya kijijini, iwe Borabu ama Bobasi. Mwalimu aliyeajiriwa na tume, tangu mkataba wa 2021, anapata siku 120. Mwenzake wa bodi, anayekaa meza ile ile, anafundisha darasa lile lile, ana miezi mitatu ya sheria, na mara nyingi hajui hata kama anayo, kwa sababu anaogopa kwamba akiomba, muhula ujao jina lake halitakuwepo. Watoto wao wawili wana matumbo tofauti?

16/ Wauguzi nao. Mama wa kliniki anayekuambia "miezi sita, dada, usimpe kitu kingine" amerudi kazini mtoto wake akiwa na miezi mitatu, labda ameandikwa zamu ya usiku. Anafundisha kitu ambacho ratiba yake mwenyewe imemkataza. Hapo ndipo ningependa msimamizi wa zamu asikie: hakuna pesa inayohitajika kumtoa mama huyo kwenye zamu ya usiku kwa miezi mitatu. Inahitajika kalamu.

17/ LA NNE: "Mkiwabana waajiri, wataacha kuajiri wasichana."

Mgala muue na haki yake mpe. Hoja hii ina nguvu na wanaoisema si lazima wawe watu wabaya. Kenya, mshahara wa likizo ya uzazi analipa mwajiri peke yake. Mwenye duka la watu watatu akilipa miezi mitatu na atafute wa kushikilia, anaumia kweli. Halafu anaanza kuuliza wasichana maswali ya ajabu kwenye intavyuu: umeolewa? unapanga lini? Kumbagua mtu kwa sababu ya mimba ni kosa kwa Sheria ya Ajira, lakini nani atathibitisha kilichokuwa kichwani mwa mtu?

18/ Kwa hivyo hapa kuna mjadala halisi wa sera ambao wagombea wangepaswa kuufanya: gharama ya likizo igawanywe vipi? Majirani zetu Tanzania, mfuko wa hifadhi ya jamii una fao la uzazi kwa mwanachama mwanamke, mzigo wote haumwangukii mwenye duka. Sheria yao ya kazi ya 2004 inatoa likizo ya siku 84, pungufu kidogo ya yetu, lakini mama akirudi anaruhusiwa hadi masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Sisi tuna saa moja. Sisemi wao ni malaika. Nasema njia ziko zaidi ya moja, na hatujaambiwa.

19/ Lakini angalieni: hoja hiyo ni ya likizo. Siyo ya saa moja ya kukamua. Watu huzichanganya makusudi ili uone yote ni ghali. Tupige hesabu ya mfano. Mfanyakazi wa shilingi 15,000 kwa mwezi, masaa nane kwa siku. Akichukua saa nzima kila siku, hiyo ni sehemu moja kwa nane ya mshahara: shilingi 1,875 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu ya lile daraja, 5,625. Hiyo ni kama hakuguswa na kazi hata kidogo kwa saa hiyo. Sasa mwenye biashara, kumtafuta keshia mwingine, kumfundisha bei, na makosa ya chenji ya mwezi wa kwanza, ni shilingi ngapi? Wewe unajua kuliko mimi.

20/ LA TANO: "Hayo ni mambo ya maofisi makubwa. Duka langu ni futi kumi kwa kumi, chumba nitatoa wapi?"

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu waajiri wengi wa Kisii na Nyamira ni hawa: agrovet, kemia, saluni, hoteli, duka la jumla, shule ya kibinafsi. Namjua mzee mmoja mwenye agrovet upande wa Nyamira, ana wafanyakazi wawili. Msichana wake aliporudi kutoka likizo, mzee hakujua sheria hata moja. Alijua tu kwamba bibi yake alinyonyesha watoto sita.

21/ Alifanya nini? Kule nyuma alikokuwa anaweka magunia ya mbegu, alisafisha kona, akatundika leso mlangoni, akaweka kiti cha plastiki chenye mgongo, ndoo ya maji yenye bomba na sabuni. Dawa za kunyunyizia akazihamishia upande mwingine, na kuzipima akampa yule mfanyakazi wa pili. Mlangoni komeo kwa ndani. Akamwambia, "Saa nne na saa nane, duka ni letu. Wewe nenda." Wateja waliuliza wiki ya kwanza. Wiki ya pili wakazoea.

22/ Maziwa aliyahifadhi wapi bila friji? Maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwa mikono safi na chombo safi hukaa mpaka masaa manne pahali pasipo na joto kali, lisizidi nyuzi 25. Kwenye friji, mpaka siku nne. Sisi watu wa milimani baridi tunayo. Aliyokamua saa nane alienda nayo saa kumi na moja. Ya saa nne aliyaweka kwenye kibebeo chenye barafu aliyopewa na jirani mwenye hoteli. Pampu hakuwa nayo. Alikamua kwa mkono vile alivyofundishwa kliniki. Nyumbani mtoto alipewa kwa kikombe, siyo chupa.

23/ Je, kona ile inatimiza kila neno la kifungu cha 71? Hapana, na sitadai hivyo. Haina stima, haina friji yake. Lakini ina mambo matatu ambayo mama hawezi kufanya bila hayo: muda, faragha na usafi. Mwenye uwezo aongeze mengine, sheria inamdai. Mwenye duka dogo aanze na hayo matatu leo. Duka la dada yangu lilikuwa na stoo mara nne ya ile. Haikukosa nafasi.

24/ Kwa nini muda ndio wa kwanza? Kwa sababu mwili unatengeneza maziwa kulingana na yanayotoka. Yakitoka, yanakuja mengine. Yakikaa, mwili unadhani mtoto hayahitaji tena, unapunguza. Kwa hivyo mama akikosa kukamua wiki mbili si kwamba "amechoka kunyonyesha". Amekaushwa. Na akifika nyumbani mtoto analia kwa sababu hayatoshi, majirani wanasema maziwa yake ni mepesi, anaanza kununua ya kopo. Hayo ya kopo yako, kuna wanaoyahitaji kweli na simhukumu mtu. Lakini ni bajeti ya kila wiki kwa mtu wa mshahara wa keshia.

25/ NA WANAOCHUMA CHAI? Mama mmoja aliuliza hili pale ukumbini na lilikuwa swali zito kuliko yote. Akasema, "Kijana wangu, mimi nachuma kwa kilo. Nikikaa kunyonyesha, kilo zinapotea. Hiyo saa ya kulipwa nitalipwa na nani?"

26/ Nilimjibu kwa uaminifu. Kwenye karatasi: Sheria ya Ajira, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja si kibarua tena, anahesabiwa yuko kwenye mkataba, na akizidi miezi miwili haki za wafanyakazi wengine ni zake pia. Kwenye mashamba makubwa hilo linaweza kudaiwa. Lakini kwetu chai nyingi ni ya wakulima wadogo. "Bosi" ni jirani mwenye ekari moja, naye anasubiri malipo ya kiwanda. Huyo ukimpelekea kifungu cha sheria, atakuelewa vibaya.

27/ Kwa hivyo kwa mkulima mdogo tunaongea kijirani. Mpe mama anayenyonyesha mistari iliyo karibu na boma ambalo mtoto anaachwa. Asiwe wa kwanza kuingia na umande wa alfajiri. Asibebeshwe kikapu mpaka kituo cha kuuzia majani. Abebe kijana kama mimi. Na kama mnachuma kwa zamu, mrudishieni zile kilo mbili tatu za muda wa kunyonyesha. Kwa vyama vya wakulima na kamati za vituo vya kuuzia majani: kibanda kimoja chenye maji na benchi ni jambo la mkutano mmoja. Mna akina mama wangapi pale kila asubuhi?

28/ Na soko je? Mama wa ndizi pale Daraja Mbili ni mwajiri wake mwenyewe. Hana wa kumpa likizo. Lakini analipa ada ya soko kila siku. Anayeikusanya ada hiyo ni kaunti. Kwa hivyo hapo mwenye jukumu la maji, choo safi na pembe ya kunyonyeshea ni yule anayekata risiti. Hilo si suala la Bunge Nairobi. Ni la mwakilishi wadi wako.

29/ Sasa, kwa mwajiri yeyote aliyenisikiliza mpaka hapa, mambo ni haya, na mengi hayana bei. Kabla mama hajaenda likizo, kaeni naye mkubaliane atarudi lini na saa zake za kukamua zitakuwa zipi, muandike. Wiki ya kwanza usimpange zamu ndefu ama ya usiku. Tenga kona, weka komeo, maji na kiti. Mwache baba wa mtoto, kama ni mfanyakazi wako, achukue wiki zake mbili bila kuchekwa. Na waambie wafanyakazi wengine mapema, hasa sisi wanaume, kwamba hakuna mzaha. Dada yangu anasema choo kilimuumiza, lakini vicheko vilimuumiza zaidi.

30/ Kwa mama mwenyewe: uliza kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, ili pawe na kumbukumbu. Taja kifungu cha 71 na cha 72. Nenda na mwenzako, usiende peke yako. Ikishindikana, afisi ya leba iko na kazi yake ni hiyo, na kama una chama cha wafanyakazi, ndiyo maana unakatwa ada kila mwezi.

31/ Na kwa sisi wapiga kura, maswali matatu ya kumuuliza yeyote anayekuja na makofi. Moja: afisi za kaunti, hospitali na shule, ambazo serikali yenyewe ndiyo mwajiri, chumba cha kunyonyeshea kiko wapi, na ufunguo anao nani? Mbili: nani atakagua waajiri binafsi, na bajeti yake ni ipi? Tatu: gharama ya likizo ya uzazi mtaigawa vipi ili mwenye duka dogo asiwakimbie wasichana? Akijibu matatu, msikilize. Akijibu kwa wimbo, cheza wimbo, lakini kura yako ibaki mfukoni kwanza.

32/ Yule mzee wa mlangoni alisimama mwisho. Nilidhani anakuja kunipinga. Akasema katika lugha yetu mama huitwa "baba", na "tata" ndiye baba. Kwa hivyo mtu wa nje akisikia Mgusii akilia "baba", hadhani kwamba anamlilia mama. "Labda," akasema, "ndiyo maana wanaume hapa tunafikiri si sisi tunaoitwa." Ukumbi ulicheka tena, lakini safari hii si mimi niliyechekwa. Kisha akaniuliza zile vifungu ni namba ngapi, akaziandika kwenye kiganja. Ana posho mill yenye wafanyakazi wanne.

33/ Mwisho. Katiba, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya lishe ya msingi. Kwa mtoto wa miezi minne lishe hiyo iko kifuani mwa mtu ambaye saa hii yuko kaunta, darasani, wodini ama kwenye majani chai. Kesho ukifika kazini, uliza swali moja tu: hapa kwetu, chumba kiko wapi? Ukionyeshwa choo, rudi hapa uniambie, bila jina la duka. Nikikosea pahali, nirekebisheni. Maswali weka hapo chini, matusi acha nyumbani.